Kuongoza tabia za watoto wadogo kituoni bila fimbo wala vitisho: mwongozo kamili kwa walezi wa Dar es Salaam

Mwongozo huu ni wa yeyote anayeshinda na watoto wa mwaka mmoja hadi mitano: dada wa kituo cha kulelea watoto mchana, mwalimu wa chekechea, hata mama anayebaki na watoto watano wa majirani uani kwake Mbagala au Manzese. Tunachokisisitiza ni kimoja. Vurugu nyingi za watoto wadogo zinatokana na jinsi watu wazima walivyoipanga siku. Zinazobaki baada ya siku kupangwa vizuri zinatokana na mtoto kutojua afanye nini badala yake, na hilo linafundishika. Fimbo haitibu lolote kati ya hayo mawili. Inamnyamazisha mtoto kwa dakika chache, basi.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha. Inasema pia kwamba kumrekebisha mtoto hakuna uhalali ikiwa kwa udogo wa umri wake hawezi kuelewa kwa nini anarekebishwa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaguswa na maneno hayo moja kwa moja. Wapo wanaojitetea kwa kanuni za viboko, lakini kanuni zile ni za shule na zinamtaja mkuu wa shule. Dada wa kituo hana nafasi humo.

Hatua ya kwanza: jua umri ule unaweza nini

Kabla hujaliita jambo kosa, jiulize: angeweza kufanya tofauti?

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi kugawana. Kitu kikiwa mkononi mwake ni chake, na kikiwa mkononi mwa mwenzake akakitaka ni chake pia. Wa miaka miwili anaelewa agizo moja fupi, lakini kulielewa siyo kuliweza. Sehemu ya ubongo inayomzuia mtu kufanya kila kinachomjia, ile iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko zote, na huendelea kukomaa hadi mtu anapita miaka ishirini. Ndiyo maana utamwona mtoto wa miaka miwili akitikisa kichwa kwamba "hapana", huku mkono unaendelea kumwaga maji. Hakudharau. Mkono umemshinda.

Wa miaka mitatu anaweza kusubiri dakika mbili tatu ikiwa ana kitu cha kufanya. Wa minne anashika kanuni, anauliza "kwa nini", na anaanza kudanganya, jambo linaloudhi walezi wengi. Uongo wa umri huo ni dalili kwamba ameanza kutambua kuwa anachokijua yeye wewe unaweza usikijue. Usimtege kwa swali ambalo jibu lake unalo. "Nani amemwaga uji?" inazaa uongo. "Uji umemwagika, chukua kitambaa tufute" inazaa kazi.

Hatua ya pili: panga siku, na hapa ndipo kazi ilipo

Anza na usingizi. Mzazi anayefanya kazi Posta au mwenye meza yake Kariakoo akiishi Kimara, Chanika au Bunju huondoka alfajiri ili kuikwepa foleni, na mtoto huamshwa saa kumi na moja. Ikiwa jana yake alilala saa nne usiku akimsubiri baba, amelala saa saba tu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili alale saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Mtoto huyo anafika kituoni akiwa anadai saa tatu au zaidi. Ikifika saa tano asubuhi atasukuma, atalia bure, atang'ata. Wenye kituo watasema ni mkorofi, kumbe ana usingizi.

Kwa hiyo tandika mkeka au godoro kwenye kona yenye kiza kidogo tangu asubuhi, na anayefika akisinzia alale hata saa moja, bila kumlazimisha kuimba na wenzake. Usingizi wa mchana uwe palepale kila siku, baada ya chakula, tuseme saa sita na nusu hadi saa nane na nusu. Asiyelala asichapwe wala kutishwa. Ajilaze na kitabu cha picha, kimya, na baada ya dakika thelathini aruhusiwe kucheza taratibu pembeni.

Chakula kinafuata. Mtoto mdogo asikae zaidi ya saa mbili hadi tatu bila kutia kitu mdomoni. Aliyeletwa saa kumi na mbili asubuhi hawezi kusubiri uji wa saa tatu pamoja na aliyekunywa chai kwao saa mbili. Mpe hata nusu kikombe akifika. Maji yawe karibu muda wote, kila mtoto na kikombe chenye alama yake. Joto la Desemba hadi Machi huwafanya watoto wagombane kuliko kawaida, hivyo michezo ya kukimbia nje iwe kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Mchana wachezee maji kwenye karai kivulini, mlezi akiwa amekaa hapohapo kando yake, maana mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha kiganja. Karai limwagwe mchezo ukiisha.

Kisha kusubiri, chanzo cha ugomvi ambacho wengi hawakioni kwa kuwa kinafanana na nidhamu. Watoto ishirini wamepangwa mstari mbele ya ndoo moja ya koki wanawe mikono. Kunawa vizuri kwa sabuni ni sekunde 20, ukiongeza kukunja mikono ya shati na kujifuta inakuwa sekunde 40 hivi. Mtoto wa mwisho anasimama karibu dakika kumi na tatu, mikono mitupu, mwenzake mbele, mwenzake nyuma. Lazima watasukumana. Weka ndoo mbili, waite wanne wanne, na waliobaki waendelee kucheza au kuimba na mlezi mwingine hadi waitwe. Fanya hivyohivyo kwenye choo, kugawa chakula na kuvaa viatu. Popote unapojikuta unapiga kelele "Mstari! Mstari!", hapo pana kitu cha kupanga upya.

Vitu vya kuchezea viwe vya aina moja vingi. Makopo matano yanayofanana yanaleta amani kuliko gari moja la bei. Makopo ya plastiki yaliyooshwa, vifuu vya nazi vilivyosuguliwa, maboksi, vipande vya kanga vya kujifunika na kubebea wanasesere, vyote hivyo vinatosha. Ila vizibo vya soda, kokoto na kete viwe mbali na walio chini ya miaka mitatu. Kipimo chepesi ni kile kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha: kinachopita humo kinaweza kumkaba.

Kitazame na chumba chenyewe. Nafasi ndefu iliyo wazi kutoka mlangoni hadi ukutani inamwambia mtoto "kimbia", hata ukisema nini. Ikate kwa meza fupi au rafu. Tenga kona ya utulivu yenye mkeka, mto na vitabu viwili vitatu, ambako mtoto anakwenda kupumzika na kelele za wenzake. Isigeuzwe kamwe kuwa mahali pa adhabu, la sivyo hakuna atakayeikaribia. Na televisheni izimwe. Katuni zikiwaka kutwa, kila mtu anapandisha sauti ili asikike, walezi kwanza.

Mwisho wa hatua hii ni kuhama kutoka jambo moja kwenda jingine. Mtoto aliyezama kwenye mchezo akiambiwa ghafla "haya, chakula!" atagoma. Mpe taarifa mapema, lakini siyo ya dakika, maana dakika tano hazijui. Anayecheza kwenye ubao wa kutelezea mwambie "ukiteleza mara mbili tena, tunakwenda kunawa", kisha mhesabie. Wimbo mmoja ule ule wa kuweka vitu mahali pake, kila siku, unafanya kazi kuliko maneno mia, mradi mlezi naye aweke vitu huku anaimba.

Hatua ya tatu: kanuni tatu, zisizidi

Vituo vingi vina karatasi ukutani yenye kanuni kumi na mbili, zote zinaanza na "Usi-", zote zimeandikwa kwa watoto wasiojua kusoma. Ibandue. Weka tatu:

Tunagusana taratibu.
Ndani tunatembea, nje tunakimbia.
Vitu tunavitunza.

Chora picha ya kila moja. Kila asubuhi, mkiwa mmekaa duara, chukua moja na muigize kwa dakika moja: "Nionyesheni mikono inayogusa taratibu." Wamguse mwenzao begani. Waambie mlichokiona. Karibu kila kosa la siku nzima litaangukia kwenye moja ya hizo tatu, nawe utakuwa na neno tayari la kulitaja.

Kanuni hizo azijue pia dada wa zamu ya jioni, mpishi na mlinzi wa getini. Mtoto anayeruhusiwa na mmoja kupanda meza na kukemewa na mwingine hajifunzi kanuni. Anajifunza kuangalia ni nani yuko chumbani.

Hatua ya nne: maneno na namna ya kuyasema

Usiseme kutoka ng'ambo ya chumba. Nenda alipo, chuchumaa macho yenu yalingane, taja jina lake, ngoja akutazame, kisha toa agizo moja lenye maneno machache. Halafu nyamaza, uhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Hapa ndipo walezi wengi wanapoharibu. Wanarudia agizo mara tatu ndani ya sekunde tano, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, na mtoto ambaye alikuwa bado analitafakari la kwanza anachanganyikiwa. Mtoto mdogo anahitaji muda wa kulipokea neno na kuugeuza mwili wake.

Sema unachotaka kukiona. "Usikimbie!" haimwambii miguu ifanye nini. "Tembea" inamwambia. "Acha kupiga kelele" iwe "sema kwa sauti ya ndani", nawe mwenyewe uishushe yako. "Usimwage" iwe "shika kikombe kwa mikono miwili". "Usimnyang'anye" iwe "mwambie, naomba ukimaliza". Itakuchukua wiki kadhaa ulimi uzoee. Anza na "tembea" peke yake.

Jihadhari na ile "sawa?" tunayoipachika mwisho wa kila sentensi. "Tunakwenda kulala sasa, sawa?" Mtoto anajibu, "Sitaki." Umemuuliza, amekujibu, na sasa utamgombeza kwa kujibu. Jambo lisilo na hiari lisiulizwe. Mwachie hiari mahali ilipo kweli: "Tunakwenda kulala. Utalala na kanga ya bluu au ya njano?" Machaguo mawili, yote unayakubali.

Sifa nazo ziwe na maelezo. "Mtoto mzuri" haimwambii amefanya nini. "Umempisha Neema kwenye bembea, ona anavyocheka" inamwambia. Ikiwezekana, kila mtoto asikie maneno ya namna hiyo mara kadhaa kabla ya saa sita mchana, hasa yule mnayemwona msumbufu. Na majina ya "mtukutu", "kichwa ngumu", "jeuri" yasisikike chumbani hata kwa utani. Wenzake watayashika kabla ya wiki kuisha, kisha kila kitu kikivunjika watamnyooshea kidole yeye hata asipokuwepo.

Hatua ya tano: kosa limeshatokea

Chukua ugomvi wa kawaida kabisa. Juma ana lori la plastiki. Baraka, miaka mitatu, amelivuta, Juma amekataa, Baraka amempiga kofi la uso.

Kwanza, zuia. Ingia katikati, shika mkono wa Baraka bila kuuminya, sema: "Sitakuacha umpige." Sauti ya chini, uso wa kawaida. Pili, mgeukie aliyeumia, umshike, umwangalie. Baraka anaona kwamba kupiga hakukumletea mlezi, kulimpeleka mlezi kwa Juma. Lori kaa nalo wewe kwa sasa. Tatu, taja kilichotokea bila hukumu: "Baraka, ulitaka lori. Juma hajamaliza. Ulikasirika ukampiga. Kupigwa kunauma." Sentensi nne fupi, zinatosha. Hotuba haina msikilizaji hapo.

Nne, mpe maneno aliyokosa, ayaseme: "Naomba ukimaliza." Akiwa bado hajui kuongea vizuri, anyooshe kiganja. Tano, rudisha lori kwa Juma, na umsaidie Baraka kusubiri kwa kumpa kitu cha kufanya mkiwa mmekaa karibu. Sita, na hii isisahaulike: Juma akimaliza, hakikisha Baraka anapata zamu yake kweli. Ukisahau, umemfundisha kwamba kuomba hakuna faida na kupiga kuna faida.

Je, aombe msamaha? Usimlazimishe. "Sema samahani! Sema!" humfundisha neno la kujitoa kwenye matatizo. Mwambie asaidie kurekebisha: alete kitambaa chenye maji baridi, aokote vilivyoanguka, amuulize mwenzake kama anaumwa. Ukifanya hivyo kila mara, samahani ya kweli itakuja yenyewe.

Tokeo la kosa lifungamane na kosa, lije palepale, liwe fupi. Aliyemwaga maji makusudi anafuta. Aliyerusha mchanga usoni mwa mwenzake anatoka mchangani kwa dakika tatu, anakaa kando yako, kisha anarudi na kuonyesha mikono inayochimba. Kumnyima uji kwa sababu alirusha mchanga hakuna uhusiano wowote, na chakula hakinyimwi mtoto kwa kosa lolote.

Kung'ata

Hili linawapa walezi na wazazi wasiwasi kuliko yote, hivyo tulichukue polepole. Kung'ata ni kawaida kati ya mwaka mmoja na mitatu. Sababu ni chache na zinajulikana: meno yanaota, hana maneno, wamebanana sehemu ndogo, amechoka, ana njaa, au aliwahi kung'ata akaona kila mtu anakuja mbio.

Kwanza mshughulikie aliyeng'atwa. Osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, weka kitambaa cha baridi. Kama ngozi haikuchanika, inatosha. Ikichanika na kutoa damu, acha maji yatiririke dakika kadhaa, funika kwa kitambaa safi, waite wazazi, na mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo akiwa na kadi yake ya kliniki ili waangalie kama alipata chanjo ya pentavalenti, inayokinga pamoja na mengine pepopunda na homa ya ini ya B. Wazazi watauliza kuhusu VVU. Jibu la kweli ni kwamba maambukizi kwa njia hiyo ni nadra mno, na uamuzi wa dawa za kinga ni wa mhudumu wa afya. Dawa hizo zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, kwa hiyo damu ikitoka wasingoje kesho kutwa.

Kwa aliyeng'ata: "Hapana. Meno ni ya kula. Imemuuma Asha." Msogeze, usimpige, usimpake pilipili mdomoni, na usimng'ate "ili aone inavyouma". Mtu mzima anayeng'ata mtoto amemfundisha kwamba wakubwa pia wanang'ata.

Kisha ingia kwenye daftari. Kwa siku kumi andika kila tukio: saa, mahali, nani alikuwa karibu, nini kilitangulia, alilala na kula lini. Mara nyingi utaona mstari ukijitokeza, kwa mfano matukio manne kati ya sita ni kati ya saa tano na saa sita, kwenye kile kibaraza chembamba wakisubiri chakula. Sasa una la kufanya: chakula chake kitangulie kidogo, asikae kibarazani, na kwa siku hizo mlezi mmoja akae umbali wa mkono kutoka kwake kuanzia saa tano kasoro robo. Ukiona ameukaza mdomo na kumsogelea mwenzake, mpe kitambaa safi kilicholowa maji baridi ang'ate hicho, na umwambie: "Ukitaka kung'ata, ng'ata hiki."

Kujibwaga chini na kulia

Mtoto amejibwaga, anagaagaa, anapiga miguu. Wakati huo hasikii maelezo. Ondoa vitu vya kumuumiza, kaa karibu naye kimya, sema mara moja tu: "Umekasirika. Nipo hapa." Akikubali kushikwa, mshike, akikusukuma, kaa umbali wa hatua moja. Wengi hupoa ndani ya dakika chache. Kilichomfanya alie, kama jibu lilikuwa hapana, libaki hapana. Ukimpa biskuti anyamaze, kesho atajibwaga saa ileile akiitafuta.

Kilio cha asubuhi mzazi anapoondoka kina dawa yake. Mzazi aage, asitoroke. Kuaga kuwe kufupi na kwa namna moja kila siku, kwa jambo analolijua mtoto: "Mama atakuja ukishaamka na kula tunda." Anayetoroka anamfanya mtoto aogope kumwacha mzazi hata aende chooni.

Mengine kwa ufupi

Aliyejikojolea anabadilishwa kimyakimya, faraghani, bila kuzomewa. Kumvua mbele ya wenzake ni kumdhalilisha. Mpeleke chooni kila baada ya saa moja na nusu hadi mbili, bila kungoja aseme. Matusi: usicheke wala usishtuke, mwambie "neno hilo hapa hatulisemi" na umpe la kusema badala yake. Asiyekula asilazimishwe kwa kubanwa pua au kushikwa taya, anaweza kupaliwa. Kijiko kimoja cha kuonja kinatosha, na sahani iondolewe bila maneno baada ya dakika ishirini hadi thelathini.

Vitisho

Tumezoea kusema "nitakuitia polisi", "daktari atakuchoma sindano", "zimwi lipo chooni", "mama yako hatakuja". Hili la mwisho ni kali kuliko kofi. Mtoto aliyeambiwa mama hatakuja atashinda siku nzima akiutazama mlango. Aliyetishiwa zimwi la chooni atajikojolea, kisha ataadhibiwa kwa kujikojolea. Na mtoto anayeogopa polisi na daktari hatamkimbilia yeyote kati yao siku atakayopotea sokoni au kuugua. Kumfungia chumbani, kumpigisha magoti, kumshikisha masikio na kumfanya wenzake wamzomee, vyote viondoke pamoja na fimbo.

Hasira ya mlezi

Mlezi anayeanza saa kumi na mbili asubuhi na kumaliza saa kumi na mbili jioni, bila kukaa, kwa mshahara mdogo, atafoka. Hilo linamhusu mwenye kituo: walezi wawe na mapumziko ya nusu saa ya kweli, mbali na watoto, na wasiachwe mmoja mmoja na kundi kubwa.

Kwa upande wenu walezi, kubalianeni neno moja, kwa mfano "nipokee". Dada akilisema, mwenzake anasogea palepale bila kuuliza, naye anatoka dakika tatu, ananawa uso, anakunywa maji. Ukiwa peke yako na mkono umeanza kupanda, ushike ule mwingine nyuma ya mgongo, rudi hatua mbili, vuta pumzi ndefu mara tatu. Watoto wakiwa salama, dakika hiyo moja haina madhara.

Kuzungumza na mzazi

Usimweleze kosa getini mbele ya wazazi wengine, wala usitaje nani alimng'ata mwanawe. Anza na jema la siku hiyo, kisha jambo lenyewe, kisha mlichofanya, na umalizie kwa "tumeshalimaliza". Neno hilo lina kazi. Bila hilo mtoto atachapwa usiku kwa jambo la saa tano asubuhi ambalo ameshalisahau.

Utakutana na mzazi anayesema: "Dada, huyu mchape tu, nimekuruhusu." Usibishane naye wala usimhutubie.

"Nimekuelewa, Mama Baraka, anachosha kweli. Ila hapa hatuchapi mtoto, hata mzazi akituruhusu. Akitaka kupiga, tunamshika mkono na kumwambia aseme 'naomba'. Na nyumbani jaribuni neno hilohilo, asichanganyikiwe."

Akija bibi kumchukua, shikamoo kwanza, na mazungumzo yaanze kwa kumuuliza yeye alivyomlea mama wa mtoto. Mara nyingi ana mbinu nzuri zaidi ya fimbo, ila hajaulizwa.

Lini utafute msaada

Mtoto anayeonekana mkaidi huenda hasikii. Simama nyuma yake, hatua tatu, umwite kwa sauti ya kawaida kukiwa kimya. Asipogeuka mara kadhaa, au masikio yakitoa usaha, mwambie mzazi ampeleke kituo cha afya. Fanya hivyo pia kwa mtoto wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, na kwa yeyote aliyekuwa akiongea au kutembea kisha akaacha. Wanaweza kupewa rufaa kwenda hospitali za mkoa kama Amana, Mwananyamala au Temeke.

Mabadiliko ya ghafla ni jambo jingine: aliyekuwa mchangamfu ananyamaza, anaogopa mtu fulani, ana alama za kupigwa, au anaigiza mambo ya kikubwa yasiyo ya umri wake. Usimhoji kwa maswali mengi, na usianze kwa kumuuliza unayemshuku. Mwambie "umefanya vizuri kuniambia", kisha wasiliana na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Andika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, bila kuyasafisha, pamoja na tarehe, saa na waliokuwepo, utie sahihi, na karatasi hiyo ifungiwe kabatini, mbali na daftari la kila siku linalosomwa na kila mtu.